Amarwa, Pombe na Divai: Msamiati wa Kileo na Mipaka ya Dini Mkoani Mara

Ikisiri

Makala haya yanaeleza uhusiano wa upikaji wa pombe na maisha ya kidini katika maeneo ya Musoma, Bunda na Butiama, mkoani Mara, kwa kuchunguza maneno yanayotaja kileo na ibada. Yanaongozwa na nadharia ya uwanda wa maana inayohusishwa na Jost Trier. Hoja kuu ni kwamba Kiswahili kilifika Mara kikiwa na maneno kadhaa ya kileo, kila moja likiwa na historia yake ya kidini, na kwamba matumizi ya maneno hayo katika tafsiri na mahubiri yalikigawa kitendo kimoja, yaani kumtolea kinywaji asiyeonekana, katika nyanda mbili za maana: ule wa "sadaka" na "divai" kwa upande mmoja, na ule wa "tambiko" na "pombe" kwa upande mwingine. Makala yanaonesha athari za mgawanyo huo katika kamusi, katika tafsiri ya maandiko kwa lugha za Mara, na katika kueleza nafasi ya wanawake waliokuwa wapishi wa kinywaji cha ibada.

1.0 Utangulizi

Katika mazungumzo ya kila siku ya Watanzania, sentensi fupi "Huyu hatumii" hueleweka bila kutaja yambwa. Kitenzi "tumia" kina maana pana mno, lakini kikikanushwa namna hii mezani, msikilizaji hujua kwamba kinachozungumziwa ni kileo. Mara nyingi hujua pia jambo la pili: kwamba mtu huyo ni Mwislamu, Msabato au mlokole. Kauli inayohusu kinywaji imekuwa kauli inayohusu dini.

Uhusiano huo una historia, na mkoa wa Mara unatoa mfano mzuri wa kuuchunguza. Katika eneo dogo lililo kati ya Ziwa Viktoria na mbuga ya Serengeti wanaishi Wajita, Waruri, Wakwaya, Wazanaki, Waikizu, Wakabwa, Wakurya na wengineo, kila jamii ikiwa na lugha yake na taratibu zake za kuheshimu wazee na wahenga. Katika kipindi kisichozidi miaka 40 ya mwanzo wa karne ya 20, eneo hilo lilifikiwa na Wakatoliki, Wasabato na Wamenonaiti, ilhali Uislamu ulijijenga hasa katika miji na vituo vya biashara. Kila dini ilikuja na hukumu yake kuhusu kileo, na kila moja iliitamka hukumu hiyo zaidi kwa Kiswahili.

Wanahistoria wameishughulikia mada hii kwa upande wa mamlaka na uchumi. Justin Willis (2002) ameeleza namna pombe ilivyokuwa chombo cha mamlaka ya wazee katika Afrika Mashariki, na Jan Bender Shetler (2007, 2019) ameandika kwa kina juu ya kumbukumbu, mahali patakatifu na mitandao ya wanawake mkoani Mara. Kilichobaki ni swali la kiisimu: maneno yenyewe yalifanya kazi gani? Hilo ndilo swali la makala haya.

2.0 Kileo na Ibada katika Historia Pana

Si Mara pekee ambako nafaka iliyochachushwa iliingia katika ibada. Wasumeri walimwimbia Ninkasi, mungu wa kike wa pombe, na utenzi wake uliohifadhiwa katika vigae vya udongo vya takribani mwaka 1800 KK unataja hatua za upikaji. Misri ya kale ilitoa mikate na pombe kwa miungu na kwa wafu. Katika Ukristo wa Ulaya, sura ya 40 ya Kanuni ya Mtakatifu Benedikto huruhusu mtawa kipimo cha divai kwa siku, na ramani ya monasteri ya St. Gallen, iliyochorwa mwanzoni mwa karne ya 9, inaonesha vyumba vya kupikia bia ndani ya uzio wa watawa. Nchini Tanzania kwenyewe, kilimo cha zabibu cha Dodoma kinahusishwa na wamisionari Wakatoliki wa Bihawana, waliohitaji divai ya misa.

Mifano hii inatosha kuonesha jambo moja. Dini iliyotenganisha pombe na ibada si kanuni ya ulimwengu mzima, na hata ndani ya Ukristo kulikuwa na misimamo mingi. Wamisionari waliofika Mara walileta misimamo hiyo tofauti, na kwa hiyo wakristo wa vijiji jirani walisikia mafundisho yanayopingana juu ya chungu kilekile.

3.0 Kileo katika Lugha na Ibada za Mara

3.1 Mzizi na ngeli

Kikurya hukiita kinywaji cha nafaka "amarwa", na umbo hilohilo limo katika Kihaya na Kigusii. Neno hili lina ndugu wengi: "ubwalwa" wa Kibemba, "bojalwa" wa Kitswana na "utshwala" wa Kizulu. Ulinganishi wa maumbo haya umewafanya wanaisimu wa Kibantu waunasibishe mzizi wake na enzi za kale za familia ya lugha za Kibantu. Kwa maneno mengine, wakulima walioleta lugha hizi katika ukanda wa Ziwa walikuja na neno la pombe, sawa na walivyokuja na neno la jembe au la nyumba.

Katika lugha nyingi za kusini, jina hili limo katika ngeli ya 14, ngeli ya vitu dhahania na vitu visivyohesabika. Katika Kikurya limo katika ngeli ya 6, pamoja na "amabere" (maziwa) na "amanyinga" (damu). Ngeli pekee haithibitishi imani, kwa kuwa ngeli ya 6 ni makazi ya kawaida ya vimiminika katika Kibantu. Hata hivyo, inafaa kuzingatia kwamba pombe, maziwa na damu, vimiminika vinavyoonekana mara kwa mara katika taratibu za kubariki na kupatanisha, vinatumia upatanisho mmoja wa kisarufi. Mzungumzaji akisema juu ya kimoja wapo kwa kiwakilishi tu, sarufi haimlazimishi kukitenga na vingine. Katika Kiswahili, "maji", "maziwa", "mate" na "machozi" vimebaki katika ngeli ya 6, lakini "pombe" imo katika ngeli ya 9. Msemaji wa Kikurya anayehamia Kiswahili huiondoa pombe katika jamaa yake ya kisarufi bila kukusudia.

3.2 Upikaji kama kazi ya ibada

Pombe ya nafaka ya ukanda huu hutegemea kimea. Ulezi hulowekwa, hufunikwa hadi uchipue, kisha huanikwa na kusagwa. Kuchipua huamsha vimeng'enya ndani ya punje, navyo hugeuza wanga kuwa sukari. Unga mwingine, wa mtama au wa muhogo na siku hizi wa mahindi, huvundikwa na kukaangwa, halafu huchanganywa na maji na kimea. Chachu huigeuza sukari kuwa kileo kwa muda wa siku chache. Kinywaji hicho huwa kizito, chenye machicha, na ndiyo sababu wazee walikinywa kwa mirija mirefu kutoka katika chungu kimoja.

Mambo mawili katika mchakato huu yana uzito wa kidini. La kwanza ni muda. Pombe haiharakishwi wala haihifadhiwi: huiva siku yake, na baada ya hapo huharibika. Kupika pombe kwa hiyo ni kutangaza tarehe. Majirani hujua kwamba siku fulani watu watakutana. La pili ni kazi ya wanawake. Wapishi walikuwa wao, na hapakuwa na mkutano wa wazee, ahadi ya mahari wala ibada ya ukoo iliyoweza kufanyika bila wao kuwa wameanza kazi siku kadhaa kabla.

3.3 Mahali, vyeo na wahenga

Shetler ameeleza kuwa katika jamii za Mara ya kusini dhana ya "erisambwa", wingi wake "emisambwa", hutaja nguvu za kiroho zinazofungamana na mahali: kilima, chemchemi, pango au mahame ya wahenga. Wazee huenda mahali hapo kuomba mvua, afya na rutuba, wakiwa na matoleo ya mifugo na ya vyakula, kinywaji cha nafaka kikiwa miongoni mwake. Miongoni mwa Waikizu wa Bunda, masimulizi ya chimbuko la utemi humtaja Nyakinywa, mwanamke mwenye uwezo wa mvua, na watemi waliomfuata walihesabiwa kuwa warithi wa uwezo huo. Katika jamii hizohizo, ngazi za uzee zinazoitwa "nyangi" zilipandwa kwa karamu. Aliyetaka cheo alitoa nyama na pombe, na walaji wa karamu hiyo walikuwa mashahidi wa hadhi yake mpya.

Katika muktadha huo, kileo kilibeba maana tatu kwa pamoja: kilikuwa zao la shamba, malipo ya ushirika, na neno la kwanza la sala. Lugha za wenyeji hazikuhitaji jina la pekee la "pombe ya ibada". Jina lilikuwa moja, na tofauti ilioneshwa na tukio, mnywaji na mahali.

4.0 Maneno ya Kiswahili na Asili Zake

Kiswahili kilipoenea bara, kilikuwa kimekusanya maneno ya kileo kutoka njia nne.

Njia ya kwanza ni ya pwani yenyewe. "Tembo" ni kinywaji cha mnazi, na kitenzi chake ni "gema". Methali isemayo "Mgema akisifiwa tembo hulitia maji" inahifadhi mgema, kazi yake na hata upatanisho wa jina hilo katika ngeli ya 5. Kutoka kitenzi "lewa" yamepatikana "kileo", "kilevi", "mlevi" na "ulevi". Neno "ulevi" linastahili uangalifu. Katika matumizi ya pwani hutaja hali ya kulewa na pia kitu kinacholevya, na katika tafsiri ya Kurani ya Ali Muhsin al-Barwani neno hilo ndilo linalosimama mahali pa "khamr" ya Kiarabu. Hii ni metonimia: athari imekipa kitu jina. Mtu anayekiita kinywaji "ulevi" amekwishatoa hukumu kabla ya kumaliza sentensi. Inafaa pia kukumbuka kwamba mzizi wa "khamr" ndio uliotupa "hamira". Lugha iliyokihukumu kileo iliipokea chachu yake bila mashaka, kwa ajili ya maandazi na mikate.

Njia ya pili ni ya Wareno, waliotuachia "mvinyo" kutoka "vinho". Njia ya tatu ni ya "divai", ambayo Kamusi ya Johnson ya mwaka 1939 huinasibisha na Kifaransa. Njia ya nne ni ya bara. "Pombe" ni neno la misafara na vijiji vya nafaka. Richard Burton alilikuta na kuliandika katika maelezo ya safari yake ya maziwa makuu yaliyochapishwa mwaka 1860, na limo katika kamusi ya Krapf ya mwaka 1882. Baadaye "bia" iliongezeka kutoka Kiingereza.

Vitenzi vinavyoandamana na majina haya vinatunza tofauti za kijamii. Tembo hugemwa, gongo hukenekwa, bia hutengenezwa kiwandani, lakini pombe "hupikwa". Kitenzi "pika" kinaiweka pombe jikoni, karibu na ugali na mboga, mikononi mwa mwanamke. Ni mahali pachache katika Kiswahili sanifu ambapo msamiati wa kileo bado unamtaja mpishi, hata kama haumtaji anayepikiwa.

5.0 Wamisionari, Kiswahili na Mpaka wa Chungu

Wasabato walianza kazi katika ukanda huu wakati wa utawala wa Wajerumani. Mapadri Weupe walianzisha misheni ya Nyegina, karibu na Musoma, mwaka 1911. Wamenonaiti kutoka Marekani walifika Shirati mwaka 1934 na katika miaka michache walikuwa na vituo Bukiroba na Mugango, kusini zaidi. Jimbo Katoliki la Musoma liliundwa mwaka 1957, na Jimbo la Bunda likamegwa mwaka 2010.

Makanisa haya yalitofautiana juu ya chungu. Wasabato na Wamenonaiti walifundisha kuacha kileo kabisa, na aliyebatizwa alitarajiwa kujitenga nacho. Kanisa Katoliki lilikemea ulevi, lakini halikukataza kinywaji chenyewe, na katikati ya ibada yake kilikuwapo kileo: kanuni ya 924 ya Sheria za Kanisa inadai divai ya asili, iliyotokana na tunda la mzabibu. Wasabato, kwa upande wao, hutumia katika Meza ya Bwana maji ya zabibu yasiyochacha. Msomaji wa isimu ataona kwamba hapa "divai" inahitaji kivumishi. Bila neno "isiyochacha", jina hilo pekee lingemaanisha kitu kinachokatazwa.

Mwaka 1942 uamsho wa kiroho uliwagusa Wamenonaiti wa Mara, ukiwa na mkondo mmoja na uamsho uliotoka Rwanda na Uganda. Uamsho huo ulikuja na neno "walokole", kutoka kitenzi cha Kiganda chenye maana ya kuokoka. Kukiri dhambi hadharani kulikuwa kiini chake, na pombe ilikuwa miongoni mwa mambo yaliyotajwa kwanza, kwa kuwa ilionekana na watu wote. Mtu angeweza kubadili imani moyoni bila jirani kujua. Hakuweza kukataa mrija bila jirani kujua. Hivyo ndivyo kinywaji kilivyogeuka kuwa kipimo cha wokovu, na hivyo ndivyo "hatumii" ilivyopata maana yake.

Gharama ya kukataa mrija haikuwa ndogo. Aliyekataa kunywa na wazee wa ukoo hakukataa kileo tu. Alikataa pia kikao cha mahari, upatanisho wa mashamba na cheo ambacho baba yake alikuwa amekilipia kwa karamu. Mwanamke aliyeacha kupika kwa sababu ya ubatizo alipoteza sehemu ya ibada iliyokuwa haiwezi kuanza bila yeye. Na aliyeendelea kupika kwa ajili ya kuuza alihamia katika ulimwengu wa vilabu vya pombe, ambako sheria za kikoloni na, baada ya uhuru, Sheria ya Vileo ya mwaka 1968 zilimtambua kama mfanyabiashara wa leseni. Kazi ya mikono ilikuwa ileile, lakini jina la kazi lilikuwa limebadilika.

Kuvuka mpaka huu hakukuwa lazima kuvunje kila daraja. Julius Kambarage Nyerere, aliyezaliwa Butiama mwaka 1922 katika nyumba ya Chifu Burito wa Wazanaki, aliitwa Kambarage kwa jina linalohusishwa na roho wa mvua, kisha akapewa jina la Julius alipobatizwa Nyegina mwaka 1943. Alibaki nayo yote mawili. Katika miaka yake ya mwisho alizitafsiri Injili nne na Matendo ya Mitume kwa umbo la utenzi, zikachapishwa na Benedictine Publications Ndanda-Peramiho mwaka 1996. Majina ya watu yaliweza kukaa pamoja katika mtu mmoja. Majina ya vinywaji, kama inavyooneshwa hapa chini, yaligawanywa.

6.0 "Sadaka ya Kinywaji" na "Tambiko"

Tafsiri ya Biblia ya mwaka 1952, inayojulikana kama Union Version, ndiyo iliyoweka msamiati wa kileo wa Wakristo wengi wa Mara. Mgawanyo wake wa maneno una mwelekeo unaoonekana. Arusi ya Kana (Yohana 2), mkate wa Melkizedeki (Mwanzo 14) na mfano wa viriba (Mathayo 9) vina "divai". Maonyo dhidi ya kulewa katika Waefeso 5 na Mithali 20 na 23 yana "mvinyo". Mwelekeo huu si sheria: Nuhu hulewa kwa "divai" (Mwanzo 9), na ushauri wa kitabibu kwa Timotheo hutumia "mvinyo". Lakini msikilizaji wa mahubiri hukutana zaidi na divai penye baraka na mvinyo penye onyo. Masimulizi ya Karamu ya Mwisho yenyewe hutaja kikombe na tunda la mzabibu. Ni katekisimu na liturujia zilizolikamilisha neno "divai" kuwa jina la kinywaji kitakatifu.

Neno la Kiebrania "shekari", ambalo hutaja vileo vingine tofauti na divai, hufasiriwa "kileo", kama katika Luka 1, ambako limepita kwa Kigiriki. "Pombe", jina ambalo mkulima wa Butiama angelitumia kwa kinywaji kisichotokana na zabibu, haikupewa nafasi hiyo. Matokeo yake ni kwamba katika maandiko anayoyasikia kanisani, kinywaji chake hakimo, si penye baraka wala penye ibada. Kinakutana naye katika mahubiri tu, kikiambatana na "ulevi".

Suala linakuwa zito zaidi katika Hesabu 28:7. Hapo sheria ya Waisraeli inaagiza shekari imiminwe patakatifu kwa ajili ya Bwana. Kiswahili cha Biblia kina istilahi ya kitendo hicho: "sadaka ya kinywaji". Kwa umbo, kitendo hicho kinafanana sana na cha mzee wa Mara anayemwaga kinywaji cha nafaka chini na kuomba: kuna kimiminika kilichochacha, mtu mwenye mamlaka ya kukimimina, mahali palipotengwa, na asiyeonekana anayepokea. Teolojia za matoleo hayo mawili zinatofautiana, na muumini ana haki ya kuzitofautisha. Lakini Kiswahili hakimwachii nafasi ya kuona kwanza mfanano. Cha kwanza huitwa "sadaka", neno la Kiarabu lenye heshima katika dini zote mbili kubwa. Cha pili huitwa "tambiko", neno la Kibantu ambalo kamusi hulifungamanisha na mizimu. Jedwali la maneno lingekuwa hivi: sadaka kwa tambiko, divai kwa pombe, madhabahu kwa mzimuni, kuhani kwa mganga. Kila jozi ina vitu viwili vinavyofanya kazi inayokaribiana, na kila jozi imepangwa ili kimoja kiwe juu ya kingine.

Hapa nadharia ya uwanda wa maana inasaidia. Trier alisisitiza kwamba neno hupata thamani yake kutokana na majirani zake katika uwanda. "Pombe" haikuwa na maana ya dharau kwa asili yake. Iliipata ilipohamishwa kutoka ujirani wa ulezi, kimea, wazee na mvua, ikawekwa katika ujirani wa ulevi, anasa na ukafiri. "Erisambwa" ilipata hali hiyohiyo: katika mahubiri hufasiriwa kwa urahisi "shetani" au "pepo", ilhali wanaolitumia hulenga kwanza mahali na kumbukumbu ya waliopaishi.

Swali hili si la Mara peke yake. Kaskazini mwa Kamerun, mmisionari René Jaouen aliandika kitabu kizima (1995) kuhusu Ekaristi na uwele, akiuliza kama mkulima asiyejua ngano wala zabibu anaweza kuisikia ishara ya mkate na divai. Kanuni ya Kanisa imebaki ilivyo. Lakini mjadala huo unaonesha kwamba pale nafaka inapobeba uhai wa jamii, suala la kinywaji cha ibada ni suala la maana kabla ya kuwa suala la nidhamu.

7.0 Athari kwa Leksikografia na Tafsiri

Athari ya kwanza inahusu kamusi. Kamusi ya Kiswahili Sanifu na kamusi zilizoifuata hufasili "pombe" kwa sifa ya kulevya na kwa malighafi yake. Fasili hiyo ni sahihi lakini imepunguka. Msomaji wa riwaya inayosimulia kikao cha mahari, au wa masimulizi ya ukoo yaliyotafsiriwa kutoka Kizanaki, akiitegemea fasili hiyo ataona ulevi mahali ambapo mwandishi ameweka makubaliano. Kamusi ingeweza kuongeza fahiwa ya pili, inayotaja kinywaji kama nyenzo ya ibada, ushirika na hadhi. Vivyo hivyo, "tambiko" lingeweza kufasiliwa kwa kitendo chake kwanza, na kwa mpokeaji wake baadaye.

Athari ya pili inahusu kamusi za lugha za Mara. Kamusi ya Kikurya na Kiingereza iliyohaririwa na Muniko, Magige na Ruel (1996) na kamusi ya Ciruuri ya Massamba (2005), iliyo sehemu ya kazi za Mradi wa Lugha za Tanzania wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, zimeweka msingi. Kazi inayofuata ni kukusanya msamiati mzima wa upikaji: majina ya hatua za kimea, vyombo, mirija, nafasi za kukaa kuzunguka chungu, na maneno ya baraka yanayotamkwa kabla ya kunywa. Msamiati huu umo zaidi katika vinywa vya wanawake wazee, na unapotea haraka kuliko msamiati wa kilimo, kwa sababu aliye na maneno hayo huenda ameokoka na haoni fahari kuyataja. Mkusanyaji data anayeuliza "Mlikuwa mnapikaje pombe?" kwa Kiswahili amekwishamweka mjibu upande wa kujitetea. Akiuliza kwa lugha ya mjibu, jina la kinywaji halina mzigo huo.

Athari ya tatu ndiyo iliyo karibu zaidi. Mjini Musoma kuna ofisi ya SIL Tanzania, ambako maandiko yanatafsiriwa katika lugha kadhaa za mkoa. Mfasiri wa Kizanaki au Kiikizu anapofika Kana ana njia tatu. Anaweza kukopa "divai" kutoka Kiswahili, na hapo atalinda usahihi wa zabibu na desturi ya kanisa, lakini atabaki na kinywaji cha kigeni. Anaweza kutumia jina la wenyeji la kileo, na hapo atapata arusi inayoeleweka, yenye aibu halisi ya mwenye nyumba aliyeishiwa kinywaji mbele ya wageni, lakini atawagutusha waumini waliokiacha kinywaji hicho kwa gharama kubwa. Anaweza pia kueleza kwa kirai, kama "kinywaji cha zabibu", na hapo ataepuka ubishi kwa kupunguza uzito wa tukio. Hakuna njia isiyo na hasara. Linalodaiwa na uchambuzi huu ni kwamba uchaguzi ufanywe kwa kujua historia ya kila neno, na kwamba Hesabu 28 na Yohana 2 zizingatiwe pamoja, kwa kuwa neno litakaloteuliwa kwa arusi litaamua pia namna sadaka ya kinywaji itakavyosikika.

8.0 Hitimisho

Makala haya yameonesha kwamba uhusiano wa pombe na dini mkoani Mara haukubadilishwa na mafundisho pekee. Ulibadilishwa pia na msamiati uliobeba mafundisho hayo. Jina moja la Kibantu, lenye kutaja zao, ushirika na sala kwa pamoja, lilikutana na maneno ya Kiswahili yaliyokuwa yamekwishagawanywa na historia za Uislamu, Wareno, Ukatoliki na biashara ya misafara. Divai ilipewa madhabahu, mvinyo ukapewa onyo, ulevi ukawa jina la kitu na la dhambi, na pombe ikabaki nje ya maandiko.

Kutambua hayo hakumlazimishi mtu yeyote arudi kwenye chungu, wala hakupunguzi madhara ya ulevi, ambayo familia za Mara zinayajua vyema. Kunamsaidia msomi kutenganisha mambo mawili ambayo Kiswahili cha mahubiri huyasema kwa neno moja: kulewa, na kuketi pamoja mbele ya wahenga kwa kinywaji kilichopikwa kwa ajili hiyo. Wazee waliolitumia jina la kale waliyajua yote mawili, na waliyatofautisha. Kamusi zetu zinaweza kufanya hivyo pia, na wanaozijua hatua za kimea kwa majina yake bado wapo Butiama, Bunda na Musoma wa kuulizwa.